Kisa cha Swabra Kama Kilivyokuwa

Wakio wangu,

Salamu sikupi, maana nakusikia huko jikoni ukicheka na mama yako na shangazi zako, na mchana huu wote mmenifukuza eti nakaa njiani. Nimekuja chumba cha mbele na kalamu yangu. Habari za sweta, za kuwahi kituo cha treni Voi, za kutonunua chakula cha dirishani, mama yako ameshazisema na kesho atazirudia mpaka gari liondoke. Mimi hapo sina la kuongeza. Barua hii nitaitia kwenye begi lako, chini ya vyeti. Naomba uisome ukishafika Nakuru, usiisome njiani. Nakujua, utashuka urudi kunigombeza.

Juzi tukila ulitusimulia mambo ya interview. Ulisema walikuuliza kwa nini mtu mwenye akili zake achague kazi ya kukimbilia kompyuta za watu wengine, huyu kafungua barua pepe ya matapeli, yule kaingiza virusi, badala ya kutafuta kazi yenye sifa. Ukasema, "Daddy, niliwapea ile stori ya Swabra. Wote walinyamaza kunisikiliza. Nilijua tu hapo nimepata kazi." Mama yako akapiga makofi. Mimi nikainuka nikaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Kisa hicho umekisikia kwangu tangu ukiwa darasa la tatu. Mwanamke mzembe ofisini kwetu Voi alileta virusi, kazi ya miezi ikapotea, akaachishwa kazi. Ulikuwa ukikiomba kama watoto wengine wanavyoomba hadithi za sungura, na ulikuwa ukisema utasoma kompyuta ili watu kama Swabra wasiharibu kazi za wenzao. Umesoma kweli, na kisa kimekupatia ajira. Lakini ni kisa cha uongo, mwanangu, na aliyekitunga ni mimi. Flash iliyoleta virusi niliichomeka mimi.

Sasa kama umekaa, endelea kukaa.

Unajua nilikuwa karani katika ule mradi wa kugawa miche kwa wakulima. Ofisi ilikuwa na watu sita, kompyuta nne na printa moja. Huku kwetu Mwanda wakati ule mtu aliyejua kuchapa alikuwa mali ya kijiji kizima. Mtu akifa tu, kabla hata kamati ya mazishi haijakaa, nilishaletewa flash: picha za marehemu, historia ya maisha yake imeandikwa na mjukuu, orodha ya nyimbo, na salamu za mbio mbio kwamba karatasi zinatakiwa Ijumaa. Flash zenyewe zilikuwa zimepita kwenye kompyuta za saiba zote za Wundanyi na Voi. Bosi alikataza. Alibandika hata karatasi ukutani, hakuna kuchomeka flash ya nje. Lakini niambie, ni nani anaweza kumwambia mfiwa kwamba flash yake ni chafu? Ungerudije kijijini? Ningezikwa na nani? Basi nilikuwa nachapa saa ya chakula, na kusema kweli nilikuwa napenda. Watu waliposhika zile karatasi kaburini wakasema kazi hii ni ya Baba Wakio, kifua kilinipanuka.

Swabra alikaa meza ya dirishani, na printa ilikuwa imeungwa kwenye mashine yake. Alikuwa mtu wa Voi mjini kwao, ukoo wao umetoka pwani zamani za babu zao. Alikuwa kwenye mkataba, anangoja kuajiriwa kabisa. Yeye ndiye aliyekwenda Njukini na daftari, shamba kwa shamba, wiki baada ya wiki, akaandikisha wakulima wote wa upande ule pamoja na ukubwa wa mashamba na miche wanayotaka. Kisha akarudi akayaingiza yote kwenye kompyuta kwa mkono wake. Kumbuka hilo unaposoma yanayofuata, maana mimi nililisahau kwa makusudi.

Alipokufa mjomba wangu, Mzee Mwang'ombe, aliyenisomesha, flash ililetwa kama kawaida. Ilikuwa Alhamisi. Swabra alinipa pole, akaniandikia password yake kwenye kikaratasi, akasema, "Chapa tu, Baba Wakio, mimi naenda kuswali." Nikachomeka. Nilipofungua folda ya picha nikaona ina kamshale kadogo ubavuni, na nilipoibonyeza dirisha jeusi lilitokea likapotea. Nikabonyeza tena. Picha zikafunguka, mjomba akanitazama amevaa koti lake la kanisani, na mimi nikafuta machozi nikachapa nakala mia mbili.

Kufikia saa tisa, nikiwa mezani kwangu, nilifungua orodha ya Njukini kwenye folda ya ofisi nzima. Majina ya faili yalikuwa yameota mikia nisiyoijua, na ndani hakukuwa na mtu wala shamba, ila herufi zilizovurugika. Nikafungua nyingine, vilevile. Wakio, nilijua. Watu husema hawakujua, na wewe utaambiwa hivyo kila siku huko uendako. Mimi nilijua palepale, mwili ukaniambia kabla ya akili. Nikaenda chooni nikaitupa flash kwenye shimo, na picha za mjomba zikiwa ndani. Nikajiambia nitasema Jumatatu, nikishazika.

Kufika hapo lilikuwa kosa tu, na kosa lina dawa. Kilichofuata ndicho ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Kila Ijumaa asubuhi Swabra ndiye alikuwa akitoa diski ya akiba kwenye kabati la bosi, anaichomeka, ananakili kazi ya wiki. Ijumaa ile nilipita ofisini kuchukua ruhusa yangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa karatasi za mazishi, nikamwona anaitoa diski kwenye kijimfuko chake cha kitambaa. Hakuna aliyekuwa amefungua orodha tangu jana ila mimi. Diski ilikuwa safi. Ndani yake ilikuwapo Njukini yote, nzima. Ningesema neno moja tu, ngoja, kila kitu kingepona. Fedheha yangu ingekuwa ya siku tatu na kicheko. Nikamtazama akiichomeka kwenye mashine yenye ugonjwa. Nikasema, "Tuonane Jumatatu." Akanijibu, "Mola awape subira, Baba Wakio." Nikaondoka kwenda kuzika.

Jumatatu bosi alikuwa ameita mtaalamu kutoka Mombasa. Alisimama katikati ya ofisi na mikono kiunoni, bosi kando yake, akauliza kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "Nani aliweka flash kwa hizi mashine? Mwenye aliweka aseme sasa, tusipotezeane wakati." Simlaumu, uongo ulikuwa wangu. Lakini nilikuwa nimepanga kusema asubuhi ile, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno kwenye gari kutoka Wundanyi, na swali lile lilivyoulizwa likanifunga kinywa. Bosi akaongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi, kabla sijaulizwa chochote, nikasema kwamba nilikuwa na msiba, sikukaa sana kwenye mashine, na kwamba mambo ya printa na diski huyashughulikia Swabra.

Soma tena hapo, mwanangu, kwa sababu ya kazi yako. Hakuna aliyekuwa amemtaja. Nilimtaja mimi. Utakapoingia ofisi ya watu na kukuta hasara, yule atakayekutajia jina la mwenzake kabla hujamuuliza, kaa naye kwanza. Sisemi ndiye. Nasema kaa naye.

Mtaalamu akachunguza, akapata kwamba ugonjwa ulianzia mashine ya Swabra, saa saba na kitu Alhamisi, kwa jina la Swabra. Akamuuliza nani mwingine ana password yake. Niliona mikono ya Swabra imetulia juu ya meza. Hakunitazama. Akasema, "Hakuna. Ni yangu peke yangu."

Nikadhani anaogopa kuonekana amevunja sheria ya kutoa password. Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifundisha kuogopa moyo wangu mwenyewe. Baada ya siku chache nikaanza kumshuku kwa kweli. Nilikuwa naangalia ule mkufu wa funguo zake wenye kiflash kidogo cha kijani, nawaza, nani ajuaye alichokuwa nacho humo? Labda ugonjwa ulikuwapo tangu Jumatano. Labda flash yangu iliukuta tu. Kwa nini hajitetei? Mtu asiye na kosa hujitetea. Nilimpeleleza anavyofunga mkoba, anavyopokea simu nje. Wenzangu nao wakaongeza yao, wakaanza watu wa pwani hivi, watu wa pwani vile, na mimi niliyekula pilau ya Idi kwao kila mwaka nikanyamaza. Shaka ni kitu kibaya hivi: ukiielekeza kwa mwingine unapata nafuu wewe, na nafuu hiyo ndiyo unaidhania ushahidi. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Wakulima wa Njukini waliandikishwa upya, na mvua za msimu ule zikawapita bila miche. Na mimi nikaja nyumbani nikakusimulia kisa, wewe ukiwa umelala mapajani mwangu.

Mama yako husema nina ugonjwa wa kushuku. Kamera ya simu nimeibandika plasta. Mwezi uliopita ulipobadilisha laini ukaniandikia, nilikuuliza jina la ng'ombe wetu kabla sijakujibu, na unanicheka mpaka leo. Nyote mnadhani nimeogopeshwa na matapeli. Siwaogopi matapeli sana, wale husema uongo kwa watu wasiowajua. Ninachojua mimi ni vile mtu mwema, anayeimba kwaya, mwenye mtoto nyumbani, anavyoweza kusimama mlangoni akatazama mwenzake akichomeka diski. Tangu nijue hilo sijawahi kuliamini jambo lolote kwa sura yake.

Sasa wewe unakwenda kuwa mtu wa kuitwa. Kompyuta ikigoma watakuita, barua ya uongo ikifunguliwa watakuita, na kabla hujafika, aliyefungua atakuwa ameshatunga maneno. Mshuku, ndiyo. Shuku mashine, shuku barua, shuku saa, shuku hata hadithi inayokaa sawa mno. Lakini usimuulize mtu mbele ya watu. Vuta kiti ukae, mwambie kwanza waya upi achomoe, tibu kilicho hai kabla ya kutafuta mwenye kosa. Na atakayekuja mwenyewe kukwambia nimeharibu, hata akiwa ameharibu ofisi nzima, mwambie asante kabla ya neno lingine lolote. Mimi ningesema Alhamisi kwa asante moja. Labda. Sitaki kujipamba, labda nisingesema pia. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa bingwa wa kuficha.

Usidhani pia kwamba karatasi ukutani inatosha. Ile ya bosi wetu niliipita kila siku na flash mfukoni. Alikataza flash lakini hakujua msiba unavyokuja ofisini. Huko Nakuru nako watakuwa na chao, sijui ni harusi, sijui ni chama, sijui ni mtoto wa bosi anayetaka kuchapisha kazi ya shule. Kitafute hicho. Watu hawavunji sheria kwa kiburi tu, mara nyingi wanavunja kwa sababu hawawezi kumnyima mtu.

Wiki iliyopita niliwaambia nateremka Voi kununua mbegu. Nilikwenda kwa Swabra. Ana duka la vitambaa karibu na soko, nimekuwa nikilizunguka miaka yote hii, nikiona mtaa ule napita mwingine. Nilimkuta anakata shela. Amenenepa kidogo, miwani juu ya kichwa. Akanikaribisha, akaniletea kiti, akaniuliza habari zako kwa jina. Nikamwambia nimekuja kwa jambo la ile flash. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au matusi.

Aliweka mkasi chini. Akasema, "Nilijua tangu mtaalamu alipotaja saa. Alhamisi ile uliacha karatasi moja kwenye printa. Nilirudi kutoka kuswali nikamkuta mjomba wako amelala pale na koti lake."

Nikamuuliza basi kwa nini hakusema. Mtaalamu amesimama, bosi amesimama, kazi yake inakwenda, kwa nini alisema password ni yake peke yake?

"Ungesemwaje, nawe udongo wa kaburi hujaufuta viatuni? Mfiwa haulizwi. Nilisema nitangoja matanga yaishe, utakwenda kusema mwenyewe." Akachukua mkasi akauweka tena. "Nilingoja ule mwezi wote, Baba Wakio."

Mwanangu, nililia pale dukani, mbele ya mteja aliyekuwa anachagua pazia. Miaka yote nilikuwa nadhani nilimponyoka. Kumbe alikuwa amekaa mezani pake akinipa nafasi kila asubuhi, kila nilipomwambia habari za asubuhi, kila nilipokuwa nikiupeleleza mkoba wake. Alikuwa ananiamini siku zilezile nilizokuwa namshuku.

Nikamwomba msamaha. Akasema huo alishautoa zamani, hakutaka kuubeba dukani. "Lakini jina langu halijarudi," akasema. "Mpaka leo kuna watu wa ofisi ile wakipita hapa wananisalimia kwa huruma. Hilo huwezi kuniletea mimi. Wapelekee uliowaambia."

Basi nimeanza. Bosi wetu wa zamani nilimpigia simu jana, alinisikiliza mpaka mwisho akakata bila kuaga. Leo asubuhi nimeandika yote kwenye grupu la watu wa ofisi ya zamani, na jina langu kamili. Wameshasoma, naona. Hakuna aliyejibu mpaka sasa. Mama yako nitamwambia kesho tukirudi kutoka kituoni, na najua nitalala kwenye kochi.

Nimehesabu niliowaambia kisa kile mmoja mmoja, na wote naweza kuwafikia kwa miguu au kwa simu. Isipokuwa wale waliokuwa chumbani siku ya interview yako. Hao siwajui, wala hawanijui. Wanachojua ni kwamba kulikuwa na mwanamke mzembe Voi anayeitwa Swabra, na wamelisikia kwako, kwa kinywa safi kisichojua kitu, ndiyo maana wameliamini. Najua ninachokuomba. Ni kazi yako ya kwanza, na kisa hicho ndicho kilichokupatia. Unaweza kunikasirikia mwaka mzima na nitakuwa hapa.

Lakini hapo umebaki wewe, Wakio. Ukishapewa meza na ukazoeana nao kidogo, warudie. Waambie kisa kilikuwa na kosa. Na wakikuuliza sasa aliyechomeka flash alikuwa nani, usiwaambie ni mtu fulani, waambie, "Ni baba yangu."

Baba yako,
Mwadime